Naomba ushauri: DAC ya USB inanguruma chaja ikiwa imechomekwa

Hamjambo wapenzi wa muziki. Niko Kisumu, benga inatoka kwenye laptopu, inapita DAC ndogo ya USB (kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa mawimbi ya umeme) hadi amplifaya ya zamani ya stereo. Magitaa sasa yanasikika moja moja, tofauti kubwa na tundu la hedifoni. Tatizo ni mngurumo mzito, hata wimbo ukisimamishwa.

Nikichomoa chaja, laptopu ikabaki kwa betri, mngurumo unaisha kabisa. Kwa hivyo DAC si mbovu. Chaja ina pini tatu, amplifaya vilevile, na waya za ardhi zinakutana tena kupitia ngao ya waya za RCA zinazotoka DAC kwenda amplifaya. Hapo ndipo 50 Hz ya stima inapenya. Kuzichomeka zote kwenye ekstensheni moja kumepunguza tu. Tafadhali msinishauri nikate waya wa ardhi, huo ndio unaookoa maisha.

RCA ziko kwenye AUX, tundu la kawaida la amplifaya. (PHONO, tundu la kichezeo cha santuri, haifai: DAC hutoa karibu volti 2, na PHONO ingezikuza mno na kujaza besi.)

Ninunue kitenganishi cha USB (kinachopitisha data bila kuunganisha umeme), au DAC yenye tundu la waya wa mwanga nichezee muziki kwenye runinga? Mwanga haubebi umeme, ila runinga lazima iwekwe PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa. Vitenganishi vingi vya bei nafuu huishia megabiti 12 kwa sekunde. Zinatosha sauti ya biti 24 yenye sampuli 96,000 kwa sekunde (96 kHz), lakini DAC hii ni ya 192 kHz. Je, itakubali kushuka hadi 96 kHz, au itakataa kutambuliwa? Aliyejaribu anieleze.