Mbao za kenchi Dodoma: ninunue sasa au nisubiri bei ishuke?

Boma_la_Nkuhungu
Wakuu, habari za kazi. Boma limefungwa linta, mpango ni kupaua mwezi wa tisa. Orodha ya fundi: 2x4 pisi 190 za kenchi (fremu za kubeba paa), 2x2 pisi 160 za papi (za kupigilia mabati), 1x8 pisi 22 za fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa). Zote futi 12, zote za dawa. Mabati geji 28.

Sasa hivi ni mwezi wa tano. Nimezunguka yadi tatu na kila muuzaji anasema "chukua leo, kesho inapanda". 2x4 yadi moja ni 9,000, nyingine 8,000. 1x8 nayo bei yake iko juu mno kuliko 2x4, nashindwa kuelewa kwa nini. Je, ninunue sasa, nisubiri, au nifuate mwenyewe Mafinga, huko Iringa zinakopasuliwa?

Msumari_Nchi_Nne
Mkuu, ulikwenda yadi na tepu? Kama hukwenda nayo, hujajua ipi ya bei rahisi.

2x4 kamili ya futi 12 ina kyubiki (mita ya ujazo) 0.0189, yaani pisi 53 ndiyo kyubiki moja. Nyingi zinazopasuliwa kwa dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, ukizipima ni inchi 1¾ kwa 3½, na hapo kyubiki moja inatoa pisi 69. Sasa piga hesabu: kama ya 9,000 ni kamili, unanunua kyubiki kwa 477,000. Kama ya 8,000 ni hiyo pungufu, umelipa 552,000. Na usiangalie ujazo tu. Nguvu ya mbao kubeba mzigo bila kuvunjika inafuata upana mara kina mara kina, kwa hiyo hiyo pungufu ina theluthi mbili tu ya nguvu ya 2x4 kamili. Fundi ataziweka kenchi kwa nafasi ileile, halafu miaka michache baadaye unaona mgongo wa paa umebonyea.

Kuhusu 1x8: ujazo wake ni sawa na 2x4, tofauti iko kwenye gogo. Watu binafsi wamepanda paini nyingi Mufindi na Njombe, lakini wengi wanavuna miti ikiwa na miaka minane hadi kumi, ada ya shule haisubiri. Paini ya mbao inatakiwa ifike miaka 18 na kuendelea. Gogo jembamba linatoa 2x2 na 2x4 vizuri, ila ubao wa inchi 8 unataka gogo lenye kipenyo cha sentimita 25 hivi upande mwembamba. Hayo yako zaidi kwenye mashamba ya Serikali kama Sao Hill, na kila mwenye kiwanda anayagombania. Ndiyo maana mbao nyembamba zimejaa na pana ni za kutafuta. Hata magogo membamba siku hizi hayakosi mnunuzi, viwanda vya vinia (tabaka nyembamba za kutengenezea plaiwudi) vya Mafinga vinayachukua na kuyamenya.

Fuso_ya_Mtera
Naongezea kwenye msimu. Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni Novemba mpaka Aprili, wakati mwingine zinaingia Mei. Barabara za ndani ya shamba ni udongo, gari likizama linakaa siku mbili, kwa hiyo mbao zinazofika mjini zinapungua na bei inapanda. Kuanzia Juni magari yanatoka vizuri, na mwaka mpya wa Serikali wa kuvuna unaanza Julai. Ila usisubiri bei ianguke, maana kiangazi ndipo nchi nzima inapaua. Unachopata Juni na Julai ni uchaguzi: unakataa pisi mbovu na muuzaji hanuni.

Kufuata Mafinga ni suala la tani. Orodha yako yote ni kyubiki 5.5. Mbichi ni tani nne na nusu hivi, kavu haifiki tatu. Kavu inapanda Canter ya tani tatu na nusu, mbichi unatafuta gari kubwa zaidi na unalipia kusafirisha maji. Njia ni Iringa–Mtera–Dodoma, kilomita kama 350. Kwa mzigo mdogo hivyo, kukodi gari kwenda na kurudi kunakula faida yote. Tafuta mwenzako wa kuchangia, au gari lililoshusha mzigo huko na linarudi tupu. Na usitoke Mafinga bila risiti na hati ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya kusafirishia mazao ya misitu. Idadi na vipimo kwenye hati vilingane na kilichomo kwenye gari, zikizidi pisi kumi tu utalala kwenye kizuizi cha ukaguzi barabarani.

Fundi_Paa_Nairobi
Habari zenu ndugu. Msisahau sisi majirani pia tunavuta bei yenu. Kenya ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya Serikali Februari 2018, na katazo likakaa hadi Rais Ruto alipotangaza kuliondoa Julai 2023. Miaka hiyo yote mbao za Tanzania zilikuwa zinaingia huku kwa wingi, na wafanyabiashara waliozoea njia hiyo hawajaiacha. Muuzaji wa Makambako akiona malori ya Nairobi yamepanga foleni, mnunuzi wa Dodoma hana la kumwambia. Ukilinganisha bei za huku na za kwenu kumbuka sisi tunauza kwa futi, si kwa pisi. Zidisha kwa 12 kwanza.

Msumari_Nchi_Nne
Kweli kabisa kuhusu malori.

Dawa_na_Kemikali
Mleta mada, hiyo "za dawa" ndipo wengi wanapigwa. Rangi ya kijani si ushahidi. Dawa ya kweli inasukumwa kwa presha ndani ya tangi, na mbao inatakiwa iwe imekauka kwanza, unyevu chini ya asilimia 30, la sivyo maji yameshachukua nafasi ya dawa. Wengine wanachovya kwenye pipa, inatoka kijani ya kupendeza na dawa imeingia milimita mbili.

Omba wakate pisi moja katikati, usikubali kuangalia ncha, maana ncha zinanyonya hata kwenye pipa. Ukijani uwe umeingia pande zote. Ukikuta katikati kweupe kama muhogo, hiyo ni rangi tu, mchwa wa Dodoma hawataijali. Kila atakapokata fundi, apake dawa kwenye mkato.

Vipande vinavyobaki visiingie jikoni. Dawa hiyo ina aseniki, moshi wake ni sumu, na mafundi wanapenda sana kupikia ugali.

Boma_la_Nkuhungu
Shukrani sana wakuu. Kwa hiyo nikinunua Juni, miezi mitatu nazihifadhije? Na mabati je, nayo nisubiri?

Fuso_ya_Mtera
Zipange kivulini, juu ya tofali, sentimita 40 kutoka chini. Kati ya safu na safu weka vijiti vya inchi moja kila sentimita 60, vijiti vyote vikae kwenye mstari mmoja wima, vikipishana mbao zinapinda. Juu weka mawe mazito, mbao changa hujikunja kama nyoka zikikauka zikiwa huru. Kwa upepo wa Dodoma miezi miwili inatosha.

Mabati hayajui masika wala kiangazi, malighafi yake inaagizwa nje, kwa hiyo inafuata dola. Shilingi ikiwa imetulia, nunua ukiwa tayari kupaua. Muulize unene kwa milimita na upime kwa maikromita, "geji 28" ya yadi hii si lazima iwe ya yadi ile. Saruji usiweke akiba kabisa, ikikaa miezi mitatu inapoteza nguvu.

Msumari_Nchi_Nne
1x8 usisubiri Juni. Ukizikuta zimenyooka na hazina vifundo vinavyochomoka, chukua zote 22 hapohapo, na mbili za ziada.