Bega la mtoto

Neema (Uyole): Ugonile wapendwa. Mtoto ana wiki 5 leo. Pale bega la kulia alipochomwa chanjo ya kifua kikuu pamevimba, na asubuhi hii naona usaha. Naogopa jamani.

Baba Gwamaka: Pole mwanangu. Sindano ilikuwa chafu hiyo!

Lusajo: Niko na bibi huku Tukuyu. Anasema paka dawa ya meno, kitakauka.

Neema: Nilishapaka jana usiku 😢

Shangazi Tumpe: Neema, ioshe sasa hivi. Maji yaliyochemka yakapoa, kitambaa safi, usisugue. Usitumbue, usipake kitu, usifunge plasta.

Shangazi Tumpe: Baba Gwamaka, sindano haikuwa chafu. Nimechoma BCG, hiyo chanjo ya kifua kikuu, miaka mingi. Ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, vinawekwa kwenye ngozi juu juu. Mwili ukianza kupambana navyo, kipele kinatoka, kinatunga usaha, kinapasuka, kinakauka chenyewe. Miezi 2 hata 3. Halafu kovu.

Baba Gwamaka: Mbona chanjo za paja kwa Gwamaka hazikutoa usaha?

Shangazi Tumpe: Zile zinaingia kwenye nyama. Paja linavimba siku mbili tatu, pengine na homa, basi. Neema, wiki ijayo mpeleke akachomwe hizo za paja, kidonda hiki hakizuii.

Neema: Na baridi hii nimemvisha sweta mbili shangazi.

Shangazi Tumpe: Sufu inamkwaruza. Fulana ya pamba iwe ndani. Halafu mguse kwapa la kulia. Kitezi kidogo kigumu si tatizo, lakini kikikua au kikilainika kama jipu, au kidonda kikizidi kutanuka, au mtoto haongezeki uzito, kliniki siku hiyo hiyo.

Shangazi Tumpe: Na nyie wenye watoto wote: akishachomwa tu akavimba uso, akatoka vipele mwili mzima au akapumua kwa shida, hapo usiandike kwenye kikundi. Mrudishe kwa nesi mbio. Ndiyo maana wanawaambia mkae kidogo kabla ya kuondoka.

Lusajo: Bibi ananionyesha kovu lake begani, kubwa!

Shangazi Tumpe: Hilo ni la chanjo ya ndui. Ndui ilitangazwa kutokomezwa 1980, ndiyo maana nyie hamnalo. Muulize kama halikutoa usaha.

Lusajo: Anasema lilitoa, na mama yake alimkataza kulikuna.

Neema: Nimeosha. Kwapani sioni kitu, na ananyonya vizuri. Ndaga fijo shangazi.

Shangazi Tumpe: Kesho nikitoka Mwanjelwa napitia hapo, nimwone kwa macho yangu.