Dola, serikali, nchi: lipi linakaa wapi?

Kalamu_Nyekundu: Wakuu, rasimu niliyonayo inachanganya "vyombo vya dola" na "vyombo vya serikali" kama kitu kimoja. Mahali pengine imeandikwa: "Serikali imepinduliwa, dola imesambaratika." Halafu, ni dola ya au dola la?

Mhimili: Si kitu kimoja. Serikali ni walioshika usukani, uchaguzi mmoja unawaondoa. Dola ni mamlaka yenyewe, inabaki hata baraza la mawaziri likivunjwa. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataka vitu vinne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Serikali ni kimoja tu kati ya hivyo.

Ndiyo maana "mihimili mitatu ya serikali" ni kosa, ingawa limezoeleka. Mihimili ni ya dola: Serikali, Bunge, Mahakama. Na ukiandika "vyombo vya dola", msomaji wa Tanzania anaona polisi, jeshi, magereza na usalama wa taifa. Kama ulikusudia wizara ya elimu, umemtisha bure.

Ngeli_Tu: Zote mbili zinaandikwa, "dola ya Kirumi" na "dola la Kirumi". Chagua moja, usichanganye ndani ya rasimu. Mimi napendelea "dola la", wingi "madola", kwa sababu tayari tuna Jumuiya ya Madola, na dola ya pesa haichukui ma-. Kichwa kama "Dola ya Marekani yayumba" hakisemi kama ni sarafu au taifa kubwa. "Layumba" inamaliza ubishi.

Ibara: Kwenye maandishi ya sheria angalia Katiba ya Tanzania ya 1977. Ibara ya 4 inatumia "Mamlaka ya Nchi", na ya 33 inamwita Rais Mkuu wa Nchi na, kando, Kiongozi wa Serikali. Ibara ya 6 inaingiza hata Serikali za Mitaa ndani ya neno "Serikali", kwa hiyo ukimaanisha ya juu, andika Serikali Kuu. "Nchi" nayo ina miiba: Katiba ya Zanzibar, tangu marekebisho ya 2010, inaitaja Zanzibar kuwa miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano.

Kalamu_Nyekundu: Asanteni. Ile sentensi ya mapinduzi je?

Mhimili: "Serikali imepinduliwa" iache. "Dola imesambaratika" ifute, labda kama mahakama, polisi na forodha vyote vilisimama, kama Somalia baada ya 1991.