Simu ya mezani inalia mara moja inanyamaza, na muuzaji anasema mfumo uko sawa. Nimechoka!

Wakuu, leo sina lugha nzuri. Wiki ya tatu hii wateja wanapiga, simu ya mezani inalia mlio mmoja, kisha kimya. Mteja analalamika kwamba kila akipiga anaongea na mashine. Mhusika anaapa hakuona simu. Bosi ananitazama mimi, kwa sababu simu za ofisi ziko chini yangu.

Mfumo huu tuliuziwa kwa maneno matamu sana. Eti hatutahangaika tena kuandika kanuni za kuelekeza simu mtu mmoja mmoja. Getiwei, yaani mtambo unaounganisha simu za ofisi na mtandao wa nje, itaiuliza saraka ya wafanyakazi kwa LDAP (lugha ya kuulizia saraka za kompyuta), itarudishiwa namba zote za mhusika, na simu italia kote kwa mpigo, mezani na mkononi. Atakayewahi kupokea, ndiyo yake. Nikakubali. Hakuna aliyeniambia kwamba "atakayewahi" si lazima awe mtu.

Hebu fuateni nami simu moja niliyoitoa kwenye logi, yaani kumbukumbu za mtambo. Imeingia, getiwei imeuliza saraka, imepata namba mbili, imetuma INVITE mbili, yaani mialiko ya kupokea simu, kila mmoja tawi lake. Simu ya mezani ikajibu 180, yaani inalia. Ya mkononi ilikuwa imezimwa, kwa hiyo mtandao wa simu ukaitupa kwenye kisanduku cha sauti, na kisanduku kikajibu 200 OK, yaani imepokelewa. Hilo ndilo jibu lilelile ambalo mtu mzima angetoa kwa kupokea! Getiwei haina macho ya kujua kama upande wa pili kuna mtu au mkanda. Imeona 200, ikamkabidhi mteja kwa mashine, ikatuma CANCEL (futa) mezani, simu ya mezani ikajibu 487 (mwaliko umefutwa) na kunyamaza. Yote hayo hayakufika sekunde 3. Mwenzetu alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha mkono.

Nikampelekea fundi wao logi nzima. Jibu: "Mfumo umefanya kazi inavyotakiwa." Na kweli umefanya, hapo ndipo damu inaponichemka. Kiwango cha SIP, lugha ambayo simu hizi zinajibizana nayo, RFC 3261, kipo tangu 2002. Hili tatizo mafundi wa simu wanalijua kama kiganja chao, na dawa zake wanazijua: tawi la mkononi licheleweshwe sekunde 10 au 15 ili mezani pawe na nafasi, au anayepokea mkononi abonyeze 1 kwanza ndipo aunganishwe, maana mashine haibonyezi 1. Zote mbili zimo kwenye mfumo wetu. Nilizikuta mwenyewe saa tano usiku, zimezimwa zote, kama zilivyotoka kiwandani. Mtu amelipwa kuja kufunga mfumo, akabonyeza "endelea, endelea, maliza", akaondoka.

Subirini, bado.

Namba ya huduma kwa wateja ina watu 8. Simu ikiingia inalia kwa wote. Siku moja mama mmoja wa kitengo hicho yuko kwenye kikao, simu ikalia mbele yake, kwa aibu akabonyeza "kataa". Simu zote 8 zikakata. Akadhani ameharibu kitu, akaja kwangu kuomba radhi! Hakuharibu chochote. Simu zile zimewekwa zitume 603 mtu akikataa, na majibu ya 600 kwenda juu maana yake ni "hatakiwi popote", kwa hiyo matawi yote yanafutwa. Zingewekwa zitume 486, yaani "hapa pana shughuli", lingekufa tawi lake peke yake na wenzake saba wangeendelea kuliliwa. Tarakimu tatu tu, lakini kwa wiki mbili kila aliyekuwa na shughuli aliwanyima wenzake simu bila kujua.

Sasa njooni kwenye saraka yenyewe, maana huko ndiko uchafu ulikojificha. Wanaosajili wafanyakazi ni watu wa rasilimali watu, na wao wanaandika namba ili isomeke na binadamu. Mmoja anaanza na sifuri, mwingine anaweka alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, mwingine anatia mabano na vistari, mwingine ameandika namba mbili kwenye kisanduku kimoja na kuzitenga kwa mkwaju (/). Getiwei inatafuta namba kamili ya kimataifa, kujumlisha kisha tarakimu zisizozidi 15, bila nafasi. Kanuni za LDAP zinao ulinganisho wa namba za simu usiojali nafasi wala vistari, lakini saraka yetu inaihifadhi namba kama maandishi ya kawaida tu. Nafasi moja ikizidi, mtu hapatikani, na simu yake inaangukia mapokezi. Dada wa mapokezi alishaanza kuamini kuna watu wanamfanyia makusudi.

Ina maana karani akikosea kidole kwenye fomu ya ajira, simu ya mteja inapotea. Kwa nini hili halikusemwa siku ya mauzo? Saraka ilikuwa ya kutafutia majina na barua pepe, mkaigeuza kuwa ramani ya simu bila kumwambia anayeijaza!

Na kuna kashe. Getiwei haiulizi saraka kila mara, inatunza nakala na kuiburudisha kwa vipindi. Kijana mmoja ameacha kazi, akaunti yake tumeifunga siku hiyohiyo. Kesho yake mteja mkubwa anapiga, simu inalia mfukoni mwa kijana aliyekwishaondoka, naye kwa uungwana wake anapokea na kumweleza mteja kwamba yeye hayupo tena. Nilitamani ardhi inimeze. Tena hata nakala ilipoburudishwa alibaki, kwa sababu utafutaji uliandikwa bila sharti la kuziruka akaunti zilizofungwa.

Chaneli, yaani njia za kupitishia simu, nazo zinaliwa. Laini yetu ya nje ni E1, ina chaneli 30 za sauti. Simu moja ya huduma kwa wateja ikilia kwenye simu 8 za mkononi inashika chaneli 9, moja ya kuingia na nane za kutoka. Zikiwa tatu kwa wakati mmoja ni 27. Piga hesabu mwenyewe saa nne asubuhi inakuwaje. (Ile kero ya mwenzako kupokea halafu simu yako inakuandikia "haikupokelewa" nitaivumilia, ingawa nayo ina tiba yake tangu 2002: CANCEL ibebe sababu kwamba simu imepokelewa kwingine.)

Jana wameifunga tiketi yangu ya kuripoti tatizo. Sehemu ya "sababu" wameandika: simu ililia.

Nimeanza kujirekebishia. Mkononi nimechelewesha sekunde 12, utafutaji nimeuongezea sharti la akaunti hai, na nimewaomba rasilimali watu wanipe siku moja tukae tusafishe namba zote. Kilichonishinda ni 603. Simu za mezani ni za aina tatu tofauti, na aina mojawapo haina sehemu ya kubadilisha jibu la kukataa. Aliyewahi kuibadilisha 603 kuwa 486 pale kwenye getiwei, kabla haijafika kwenye matawi mengine, aniwekee hapa kanuni aliyoandika. Na huyo fundi wetu kama yumo humu, asinijibu "zima uwashe".