Je, probaiotiki huzuia UTI inayojirudia?

Swali: Ndugu zangu, mwaka huu nimeugua UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara 3, na kila nikimaliza antibiotiki haupiti muda mkojo unaanza tena kuchoma. Mfamasia amenishauri vidonge vya probaiotiki (bakteria hai wenye manufaa kwa mwili), ambavyo bei yake si haba. Je, vinasaidia kweli?

Jibu: Pole sana, dada. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 9 zenye washiriki 735, hayakupata ushahidi kwamba probaiotiki hupunguza maambukizi haya, ingawa tafiti zenyewe zilikuwa ndogo. Fedha hiyo ingefaa zaidi kulipia kipimo cha kuotesha mkojo, ili ijulikane ni bakteria yupi anakusumbua na dawa ipi inamuua.

Jibu: Naongezea kwamba probaiotiki hazifanani. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, wanawake waliowekewa ukeni bakteria aina ya Lactobacillus crispatus walipata UTI tena kwa asilimia 15, ilhali waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na bakteria hao, walifikia asilimia 27. Hicho si kidonge cha kumeza, wala mtindi.

Jibu: Dada, maji je? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake wasiokunywa maji ya kutosha, walipoongeza lita 1.5 kila siku, maambukizi yalipungua kwa karibu nusu.