Wifi mtarajiwa ni Mmarathi na tamthilia zao zinanitia hofu, naomba ushauri

Bint_Pwani:
Habari zenu wanajamvi. Nipo Pune, India. Nilikuja kusoma, nikabaki. Baada ya Diwali naolewa na Mmarathi, mtu wa jimbo hili la Maharashtra. Mama mkwe hana neno. Hofu yangu ni wifi, mdogo wake mchumba wangu. Kwao yeye ni nanand, na mimi ananiita vahini, mke wa kaka.

Kila jioni ananikalisha sebuleni tuangalie tamthilia, vikombe vya chai mkononi. Nanand wa kwenye tivii anamwagia chumvi mboga ya vahini, kisha anakimbilia kwa mama kumchongea. Wifi yangu anacheka hadi machozi. Mimi sicheki.

Juzi alinivisha bangili za kioo za kijani, zile za bibi harusi. Alinipaka sabuni mkononi zipite. Moja ikapasuka, nikasema "imevunjika." Alinifunika mdomo kwa kiganja, kakunja uso kama wale wa kwenye tivii. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nifanyeje?

Kibuyu:
Rudi nyumbani, mahari tutachanga. Natania dada, ngoja wanaojua waje.

Mama Tausi:
Pole mwanangu, hapo hakuna ugomvi. Wamarathi hawasemi bangili imevunjika, husema "imeongezeka." Bangili zilivunjwa mwanamke anapofiwa na mume. Huyo binti alikuwa anamkinga kaka yake, na wewe pia.

Nanand mbaya hakuzaliwa kwenye tivii. Kuna nyimbo za bhondla, wanawake huziimba wakati wa Navratri, sikukuu ya Kihindu ya usiku tisa, wakizunguka picha ya tembo. Humo mke anaomba ruhusa aende kwao, kila mkwe anamtupia mwenzake: kamuulize yule. Wifi yumo kwenye foleni hiyo! Vahini naye kwenye sinema za zamani alifanywa mtakatifu. Filamu ya 1953, Vahininchya Bangdya, jina lake ni "bangili za vahini", na humo yeye ni kama mama kwa shemeji yake. Mmoja shetani, mwingine malaika, na mapenzi ya mwanamke mwenyewe hayana pa kukaa.

Msomi_Pune:
Mama Tausi kamaliza upande wa zamani. Sasa hivi mambo yamegeuka. Tamthilia ya Aggabai Sasubai ilianza 2019: mkaza mwana anasimama kidete ili mama mkwe wake, mjane, aolewe na mpishi. Mwaka huohuo ikaanza Aai Kuthe Kay Karte: mama wa nyumbani anasalitiwa, anaachana na mume, baadaye anapenda tena na kuolewa. Mapenzi yamehamia kwa wanawake ambao zamani kazi yao ilikuwa kukoroga dengu na kulia.

Ila nanand mwenye sumu bado yupo. Tamthilia ikirushwa karibu kila siku lazima ipate mchochezi, la sivyo kesho wataonyesha nini? Wifi yako anamcheka kwa sababu anamjua ni wa kuchora.

Ushauri: mwombe akufundishe ukhane, kile kishairi cha kulitaja jina la mume. Siku ya harusi watakubana ukiseme, na yeye atakuwa mbele.

Bint_Pwani:
Mrejesho. Nimemwomba, akaruka kwa furaha, akanitungia papo hapo. Nimekisema mbele ya shangazi zake, wamecheka mpaka mmoja kamwaga chai. Maana yake anasema atanipa baada ya harusi. Msomi_Pune, nikuandikie pembeni unitafsirie?