Mahakama ikibatilisha mageuzi ya afya, nani hulipa gharama ya kisiasa?

Mkazi wa Nakuru (swali)

Ndugu wanajukwaa, tarehe 12 Julai 2024, siku moja tu baada ya Rais Ruto wa Kenya kuwafuta kazi karibu mawaziri wake wote, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walitangaza kwamba Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, Sheria ya Afya ya Msingi na Sheria ya Afya ya Kidijitali, zote za mwaka 2023, zinakiuka Katiba, hasa kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo kabla ya kupitishwa kwake. Majuma mawili kabla ya hapo, maandamano ya vijana yalikuwa yameishinikiza Ikulu kuuacha Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, kwa hiyo wengi tulidhani kwamba hukumu hiyo ingeizika kabisa ajenda ya afya ya serikali hii. Haikuwa hivyo. Tarehe 1 Oktoba SHIF, mfuko mpya wa bima ulioanzishwa na sheria hizo, ilianza kazi, NHIF, mfuko wa zamani uliokuwapo tangu 1966, ikafungwa, na makato yakaingia kwenye mishahara kana kwamba hakuna jaji aliyewahi kusema neno.

Ningependa kuelewa jinsi hesabu ya kisiasa inavyokwenda katika jambo la namna hii. Mahakama inapoiangusha sheria kubwa ya afya, je, serikali ndiyo hupata hasara, au wapinzani, au mahakama yenyewe? Naomba tusirudie mjadala wa iwapo SHIF ni nzuri au mbaya, kwa maana huo tumeuchosha.

Wakili wa Pwani

Kaka wa Nakuru, nianze na maneno ya amri yenyewe, kwa sababu siasa yote ilijengwa juu yake. Majaji hawakusema kwamba serikali haina mamlaka ya kuanzisha bima ya lazima. Walikosoa njia iliyotumika pamoja na baadhi ya vifungu, hasa vile vilivyotaka mtu aonyeshe kwamba amejisajili na kulipa ndipo ahudumiwe na ofisi za umma, kisha wakalipatia Bunge siku 120 kurekebisha kasoro hizo. Hukumu ya namna hiyo humwachia mwanasiasa nafasi ya kupumua, kwani anaweza kuwaambia wafuasi wake kwamba wazo limekubaliwa na kilichokosewa ni utaratibu tu. Kabla ya siku hizo kwisha, mnamo Septemba, Mahakama ya Rufaa ilisitisha utekelezaji wa hukumu hadi rufaa isikilizwe. Kisheria, mambo yakarudi yalipokuwa.

Kuhusu mahakama kupata hasara, jibu langu ni ndiyo, na hasara hiyo ilitangulia hukumu. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilikuwa imeshazizuia sheria hizo kwa muda, na mwezi huohuo ushuru wa nyumba, yaani makato ya mishahara ya kujengea nyumba za bei nafuu, nao ukatangazwa kuwa kinyume cha Katiba. Mwanzoni mwa Januari 2024 Rais alisimama hadharani akadai kwamba kuna majaji wanaoshirikiana na watu wenye maslahi yao kuihujumu miradi ya serikali. Chama cha Mawakili kikaandamana, na kabla ya mwezi kwisha Jaji Mkuu Martha Koome akaenda kukutana na Rais Ikulu. Mkutano ule ulizua maswali mengi miongoni mwetu mawakili, kwa sababu wiki hiyohiyo kesi zinazohusu miradi hiyo zilikuwa bado mbele ya majaji. Sisemi kwamba yeyote alishawishiwa. Ninachosema ni kwamba jaji ambaye amekwisha kuitwa adui wa wagonjwa huandika hukumu yake akijua atakavyosemwa kesho yake kwenye mazishi na kwenye harambee.

Tusisahau pia kwamba Rais huyuhuyu alinufaika na uamuzi wa mahakama alipokuwa Naibu wa Rais. BBI, ule mpango wa kuirekebisha Katiba, ilipoanguka Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa mwaka 2021, na Mahakama ya Juu ilipoizika mwaka 2022, yeye ndiye aliyekuwa upande wa walioshangilia.

Karani wa Mishahara

Shikamoo Wakili. Nashukuru kwa maelezo, ila nadhani siasa ya jambo hili haikuamuliwa mahakamani bali kwenye hati za mishahara, na huko ndiko ninakoshinda.

Chini ya NHIF, mtu wa mshahara wa shilingi 20,000 alikatwa 750 kwa mwezi. Chini ya SHIF anakatwa asilimia 2.75, yaani 550. Mwenye 50,000 alikatwa 1,200 na sasa ni 1,375. Mwenye 200,000 alikatwa 1,700, ambacho kilikuwa kiwango cha juu kabisa, na sasa anatoa 5,500 kwa kuwa hakuna tena kikomo. Ukifanya hesabu utaona kwamba wafanyakazi wengi wa mishahara ya chini ya takriban 33,000 walipunguziwa mzigo, ilhali wa juu yao waliongezewa, na kadiri mshahara unavyopanda ndivyo nyongeza inavyouma.

Sasa jiulize ni nani aliyesikika mitandaoni na kwenye redio. Ni mwenye 200,000, ambaye mara nyingi ana bima ya kampuni na haoni anachopata kwa zile 5,500. Yule aliyepunguziwa shilingi 200 hakuziona kamwe, kwa kuwa wakati huohuo ushuru wa nyumba na michango ya NSSF, mfuko wa pensheni, vilikuwa vimezimeza. Na mama mboga, ambaye zamani alilipa 500 kila mwezi, aliambiwa kiwango cha chini kimeshuka hadi 300, lakini akatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600. Asiye na mshahara hahesabu kwa mwaka. Huhesabu kwa siku. Sheria iliyompunguzia fukara ikamfikia ikiwa na sura ya deni.

Ndiyo maana hukumu ya Julai ilipotoka hakuna kundi lolote lililoingia barabarani kuitetea SHIF. Hakuna aliyekuwa amepata kitu ambacho angeweza kunyang'anywa. Serikali haikupoteza marafiki wa sheria hiyo kwa sababu haikuwa nao.

Mswahili wa Minnesota

Hoja ya Karani ndiyo iliyonifanya niandike, kwa kuwa huku Marekani nimeiona upande wake wa pili.

Sheria ya afya ya Obama ilitiwa saini tarehe 23 Machi 2010, na mwezi Novemba mwaka uleule chama chake kilipoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Wakati huo watu walijua gharama tu, sehemu kubwa ya manufaa ikiwa haijaanza. Mwaka 2012, kesi ilipokuwa Mahakama ya Juu, James Carville, mtaalamu wa kampeni za chama cha Democratic, alisema kwamba kubatilishwa kwa sheria hiyo kungekuwa heri kubwa kwa chama chake, kwa vile matatizo ya bima yangebaki mikononi mwa chama pinzani cha Republican. Hatukupata kujua kama alikuwa sahihi, kwa sababu tarehe 28 Juni Jaji Mkuu Roberts aliiokoa sheria kwa kura 5 dhidi ya 4. Hata hivyo mahakama hiyohiyo iliamua kwamba majimbo yasilazimishwe kupanua Medicaid, yaani bima ya watu wa kipato cha chini. Huo ndio ubatilishaji ulioacha alama, maana mpaka leo yapo majimbo, Texas ikiwamo, ambayo hayajaipanua. Na katika majimbo kama Maine, Idaho na Missouri wapiga kura waliamua wenyewe kwa kura ya maoni kuipanua, wakiwapita wanasiasa wao.

Mambo yaligeuka mwaka 2018. Majimbo yaliyoongozwa na Republican yalifungua kesi Texas kutaka sheria yote ifutwe, ikiwamo kinga ya watu wenye maradhi ya awali, ambao zamani kampuni za bima ziliweza kuwakataa. Mamilioni walikuwa wamekwisha kuitegemea. Huko West Virginia, Seneta Joe Manchin wa Democratic alitoa tangazo la kampeni ambamo anainua bunduki na kuzipiga risasi karatasi za kesi hiyo, kwa kuwa mpinzani wake, Patrick Morrisey, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo na mmoja wa walioifungua. Manchin alishinda katika jimbo ambalo Trump alikuwa amelichukua kwa kura nyingi mno, na Democratic wakalichukua Baraza la Wawakilishi. Lakini tusiifanye kanuni: huko Missouri Josh Hawley, naye Mwanasheria Mkuu na mshiriki wa kesi ileile, alimbwaga Seneta Claire McCaskill wa Democratic.

Mwezi Desemba mwaka huo Jaji Reed O'Connor, aliyeisikiliza kesi hiyo, aliamua kwamba sheria yote ni batili, na wanasiasa wengi wa Republican hawakujua waiweke wapi zawadi hiyo, kwani hawakuwa na sheria mbadala. Nadhani wengine walipumua mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilipoitupa kesi kwa kura 7 dhidi ya 2, ikisema walalamikaji hawana haki ya kushtaki. Kushinda kesi ya afya kunaweza kuwa balaa kwa mshindi, iwapo wagonjwa wameshaonja dawa.

Mkazi wa Nakuru

Nawashukuru nyote. Wakili, limebaki jambo moja. Ushuru wa nyumba ulipoanguka, serikali ilirudi Bungeni na kufikia tarehe 19 Machi 2024 ilikuwa na sheria mpya iliyotiwa saini. Kwa nini kwa SHIF iling'ang'ania rufaa, ilhali ilikuwa na siku 120 za kufanya jambo lilelile?

Wakili wa Pwani

Kwa ushuru wa nyumba hawakuwa na hiari. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa kusitisha hukumu, makato yakasimama, na kila mwezi uliopita bila sheria ulikuwa mwezi bila fedha. Kwa SHIF waliomba zuio la kusimamisha hukumu wakalipata, na mwenye zuio hana haraka.

Sababu ya pili ni ya kisiasa, na hapa natoa maoni yangu. Kurekebisha sheria kulihitaji wabunge warudi kwa wananchi kuwasikiliza kuhusu makato, katika majuma yaleyale ambayo baadhi yao ofisi na biashara zao zilikuwa zimevamiwa kwa sababu ya kura zao za tarehe 25 Juni za kuupitisha Mswada wa Fedha. Sidhani kama kulikuwa na mbunge hata mmoja, wa mrengo wowote, aliyetamani kuitisha baraza la namna hiyo mwezi Agosti 2024. Na baada ya watu wa ODM, chama kikubwa cha upinzani, kuteuliwa kuwa mawaziri mwishoni mwa Julai, upinzani nao haukuwa na hamu ya kulidai. Kwa hiyo rufaa iliwafaa wote waliokuwa mezani, na ule ushirikishwaji ambao majaji waliuagiza ukabaki kwenye karatasi, huku makato yakiendelea kila mwisho wa mwezi.